Kwenda kuona watu waliounguliwa nyumba Bukavu: mwongozo kamili, tangu siku ya moto hadi mwezi wa tatu baada yake

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zirudi mwezi wa tisa, mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, inaungua kipande kwa kipande. Leo ni Kadutu, kesho kutwa Nyamugo, juma lijalo Panzi au upande wa Nyalukemba. Sababu anaijua kila mtu aliyewahi kushuka vinjia vya mitaa hiyo. Nyumba za mbao zimebanana ukuta kwa ukuta, paa la huyu limepanda juu ya paa la yule, waya za umeme zinapita popote, na gari la zimamoto hata likifika barabarani haliwezi kuingia mahali ambapo watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze. Mji ambao Wabelgiji waliupangia watu wachache kwenye rasi tano za ziwa Kivu umepokea maelfu kwa maelfu waliokimbia vita tangu 1996, na milima haikuongezeka. Moto ukishika chumba kimoja saa nane za usiku, kunapambazuka avenyu nzima ni majivu.

Mwongozo huu hauhusu kuzima moto. Ni wa sisi tunaofika baadaye: ndugu, marafiki wa karitie (mitaa) nyingine, wanakanisa, wenzao wa likirimba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), na ndugu wa ulaya waliokuja likizo wakakuta mtaa wa utoto wao umeungua. Ninachotaka kukiweka mbele ni hiki: wengi wetu tunakwenda siku ya pili tukiwa umati, tunakaa nusu saa, tunapiga picha, haturudi tena. Hali ya waliounguliwa inakuwa ngumu zaidi juma la tatu, mwenyeji anapochoka na wageni wamekwisha. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, usiende siku ya pili.

Kabla ya kutoka nyumbani

Swali la kwanza: wanalala wapi? Mara nyingi Bukavu hutaona kambi ya waliounguliwa. Usiku uleule familia inatawanyika. Mama na wadogo wanakwenda kwa shangazi kule Bagira, vijana wawili kwa rafiki yao, baba anabaki kulinda mabati yaliyopindapinda yasiibiwe. Wengine wanafunguliwa darasa la shule, kwa kuwa ni likizo, au ukumbi wa parokia. Kwa hiyo safari yako ina anwani mbili, na ile isiyo na majivu ndiyo yenye watu. Niliwahi kuona kikundi kizima kimesimama kwenye parseli (kiwanja) tupu na mifuko ya unga kichwani, wenye nyumba wako Bagira, na hakuna aliyekuwa amepiga hata simu moja.

Simu ya mwenyewe huenda imeungua. Mtafute kupitia mtu wa shirika lake la kanisa, mwenzake wa soko, au nyumba kumi wao, yaani kiongozi wa nyumba kumi. Uliza mambo matatu tu: wanalala wapi, wako wangapi, na kuna mgonjwa au marehemu? Jibu la hilo la tatu linabadilisha safari yote. Kama moto umeua mtu, unakwenda kwenye kilio. Fuata desturi za matanga, toa mchango wako pale, na mambo ya mabati na sufuria yasubiri mazishi yapite.

Nendeni wachache, wanne wakizidi sana. Akina mama thelathini wa kikundi kimoja wenye kikwembe cha sare wanapendeza kwenye ndoa. Kwenye parseli ya mita nane kwa kumi wanakanyaga kila kitu ambacho mwenye nyumba hajamaliza kukichambua. Kama wote thelathini wana moyo wa kwenda, wapangeni: wanne juma hili, wanne lijalo, na kuendelea. Hapo hao hao thelathini watakuwa wamefika kwa miezi miwili.

Saa nayo ina maana yake. Asubuhi watu wanachambua majivu, wanatafuta misumari, sufuria, karatasi. Nenda asubuhi ukiwa umekuja kufanya kazi. Kama unakuja kusalimia na kukaa, nenda alasiri, kwa mwenyeji.

Pita kwa wakubwa wa mtaa

Anza kwa nyumba kumi, kisha shefu (mkuu) wa avenyu. Wengine wanaona hii ni kupoteza muda, mimi naona ndiyo inayookoa muda. Baada ya moto, mgeni anayezunguka anashukiwa kuwa ni mwizi wa mabati au mtu aliyetumwa kununua parseli kwa bei ya kutupa. Tena mji ulichukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa pili 2025, na tangu hapo mtu asiyejulikana anayeuliza maswali mtaani ana sababu zaidi ya kujitambulisha mapema. Beba kitambulisho, sema jina lako, sema unakwenda kwa nani na umeleta nini.

Shefu anajua pia nani aliungua kweli. Siku ya tatu wanatokea waliounguliwa ambao nyumba zao hazikuguswa na hata moshi, na wewe wa nje huwezi kuwatambua.

Daftari liache nyumbani. Ukitoa kalamu na kuandika jina moja, ndani ya dakika kumi utakuwa na watu mia wamekuzunguka, kila mmoja akiamini jina lake likikosa kwenye karatasi yako amekosa msaada. Halafu unaondoka na karatasi yako, na ugomvi unabaki kwa shefu. Kama shirika au kanisa lenu linahitaji orodha, mwombe shefu ile aliyokwisha kuandika, mlinganishe na ya Msalaba Mwekundu au ya Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kama wamepita, na mrekebishe hiyohiyo. Orodha ya tatu haijawahi kumsaidia mtu.

Ukifika: la kusema na la kunyamazia

Salamu yetu inatosha. Usiitie chumvi.

— Mama Fulani, pole sana. Tulisikia, tukasema tusikae bila kufika.

— Asanti, yaya. Karibuni. Hata kiti ya kuwapatia hakuna.

— Hatukukuja kukaa, Mama. Tuanzie wapi?

Sentensi hiyo ya mwisho inafanya kazi kubwa kuliko hotuba. Inamtoa mama kwenye aibu ya kukosa kiti na kumrudishia nafasi ya mwenye nyumba, anayesema hiki kiwekwe hapa, kile kitupwe kule. Mtu aliyepoteza kila kitu usiku mmoja amechoka kuamuliwa mambo.

Swali moja nalipiga marufuku: «Moto ulianzia wapi?» Najua linatoka mdomoni lenyewe. Lakini fikiria majibu yake: mshumaa wa mtoto wa jirani, babula (jiko la mkaa) ya mama wa chumba cha nyuma, waya aliounganisha yule fundi kijana. Kila jibu lina mtu ndani yake, na mtu huyo naye ameunguliwa, yuko hatua kumi kutoka hapo, anatazamwa vibaya, pengine ameshakimbia mtaa. Jina linalotajwa mbele ya wageni linageuka ushahidi kabla ya jioni, na hasira ya mtaa haingoji uchunguzi. Kazi ya kutafuta chanzo ni ya shefu na polisi. Mwenyewe akianza kukuambia, sikiliza, usiongeze neno, usilipeleke mbele.

«Afadhali hakuna aliyekufa» ni maneno yao wenyewe kuyasema. Wakiyasema, itikia. Ukiyasema wewe yanakuwa kama unawapunguzia haki ya kulia. «Mungu atawarudishia mara mbili kama Ayubu» nayo ingoje. Watoto wa Ayubu walikufa, na mama anayesikia hilo anaijua Biblia kukushinda. Kama mmekuja kusali, ombeni ruhusa kwanza, salini kwa ufupi, na msiifanye sala kuwa mahubiri juu ya dhambi za mtaa.

Ahadi ndiyo inayoharibu zaidi. «Tutaona», «tutarudi na kitu», «nitaongea na mtu fulani»: kwa masikio ya aliyeunguliwa hizo ni tarehe na kiasi. Kama hujui, sema pole na unyamaze.

Watoto wanahitaji mtu wa kukaa nao chini. Usiwaulize walichokiona. Waulize darasa gani wanaingia mwezi wa tisa na rafiki zao wako wapi. Wenyewe wataleta habari ya moto wakitaka. Mtoto anayeshtuka usiku, anayekojoa kitandani tena, au anayemng'ang'ania mama siku nzima hajaharibika. Anahitaji kulala mahali pamoja kila usiku, karibu na mtu wake, na kurudi kwenye michezo mapema. Ikidumu wiki nyingi, hapo kituo cha afya kihusishwe.

Kuingia kwenye majivu

Hapa nitakaa, maana watu wanaumia siku ya pili na ya tatu kwa mambo yanayoepukika.

Viatu viwe vigumu, vilivyofunika vidole. Sandali za plastiki hazifai: misumari ya mabati imesimama chini ya majivu, na mahali panapoonekana pamepoa juu panaweza kuwa na makaa yanayowaka chini kwa siku kadhaa, hasa palipokuwa na gunia la makala (mkaa) au rundo la nguo. Funika pua na mdomo kwa kitambaa kizito au barakoa. Majivu ya nyumba yana plastiki, rangi, betri na magodoro ndani yake, ni tofauti kabisa na yale ya jikoni. Kabla ya kufagia au kuchota, nyunyiza maji. Mkimaliza, osheni mikono na miguu kabla ya kumbeba mtoto au kushika chakula.

Tafuta choo kilikuwa wapi, na ulize kabla hujapiga hatua. Vyoo vingi vya parseli zetu ni mashimo yenye sakafu ya mbao. Mbao zikiungua, majivu na mabati yanafunika mdomo wa shimo, na juu panaonekana ardhi kama ardhi nyingine. Ukishalijua shimo, simika miti minne na kamba kulizunguka, hata kama hiyo ndiyo kazi pekee mtakayofanya siku hiyo.

Waya uliolala chini usiuguse, usiuruke, hata kama umeme umekatika mtaa mzima. Mitaa yetu ina waya za SNEL, shirika la umeme, na waya za watu juu yake, na mtu wa avenyu ya juu anaweza kurudisha wake bila kujua uko chini hapo. Ukuta wa matofali uliobaki peke yake usiuegemee, na watoto wasicheze kivulini mwake.

Mabomba ya maji ya plastiki ambayo mtaani kwetu yanapita juu ya ardhi huyeyuka, na uchafu unaingia yalipokatika. Kwa hiyo maji ya bomba la jirani yanaweza kuwa machafu siku zile hata kama yanaonekana safi, na kipindupindu katika Kivu hakihitaji kualikwa. Chemsheni, au leteni vidonge vya klorini na mwoneshe mama wa nyumba kiasi kinachofaa kwa bido (jerikeni) yake.

Majeraha. Moto ukimgusa mtu, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini ndiyo dawa ya kwanza, na yanasaidia ndani ya saa tatu za mwanzo. Wewe unayefika kesho yake utakuta jeraha limepakwa dawa ya meno, mafuta, yai au unga. Usimgombeze aliyepaka, wala usikwangue. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, mpeleke kituo cha afya. Jeraha la usoni, mikononi, sehemu za siri, au kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, na la mtoto mchanga kwa ukubwa wowote, ni la hospitali moja kwa moja. Aliyechomwa na msumari aulizwe chanjo ya pepopunda. Mtu aliyevuta moshi anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, akaanza kukosa pumzi siku ya pili. Ukimsikia anakohoa bila kukoma, sauti imekauka, au anachanganyikiwa, usingoje asubuhi.

Usiku Bukavu ni baridi, tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na waliolala chini ya shitingi (turubai) wataingiza babula ndani wapate joto. Hilo lizuie kwa upole lakini bila kuzungukazunguka. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu inayomlaza mtu asiamke. Blanketi mbili ni salama kuliko babula moja.

Goma ina somo lake kuhusu hewa. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 iliposimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene, watu walianza kuikatiza ingali na moto, na wako waliokufa kwa hewa mbaya walipokuwa wakipita. Watu wa Goma wana jina kwa ile hewa nzito inayotuama mabondeni: mazuku. Ukienda kuwaona ndugu kule baada ya lava, pita njia ambayo wenyeji wanapita, hata kama ni ndefu, na mtoto asishuke kwenye shimo au bonde dogo kuokota kitu.

Vya kuleta

Siku tatu za kwanza leta chakula kilichopikwa. Unga na maharagi vikija vikavu vinadai sufuria, babula, makala na maji, na vyote hivyo vimeungua. Bugali na sombe kwenye sahani ya kufunika, mandazi, chai ya maziwa kwenye temosi, maji ya kunywa. Vyombo ulivyoletea, kama unaweza, viache hapo.

Baada ya hapo vitu vinavyotafutwa ni vilevile kila mara: sufuria mbili, bido ya lita ishirini yenye kifuniko, babula, blanketi, shitingi, mkeka, sabuni, kikwembe, taa ya sola, ndala. Mama mmoja mmoja atakuambia kando kwamba anahitaji pamba au vitambaa vya mwezi na nguo za ndani mpya. Usingoje akuambie, weka kwenye mfuko na umpe mkononi, si mbele ya shemeji zake.

Nguo kuukuu sasa. Natamani tuache kutumia moto wa jirani kusafisha kabati zetu. Leta nguo ambayo ungemvalisha mtoto wako kesho kwenda misa, imefuliwa, ina vifungo, umeulizia saizi. Lile fuko lililojaa suti za ofisini na viatu vya mguu mmoja linaishia kwenye mfereji, na mfereji ukiziba mvua ya kwanza inapita ndani ya nyumba mpya.

Mwisho wa mwezi wa nane badilisha orodha. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa na sare ni shati jeupe na suruali au sketi ya bluu. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure mwaka 2019, ila sare, madaftari, begi na viatu bado viko juu ya mzazi. Mtoto aliyeunguliwa akikosa vitu hivyo anabaki nyumbani kwa aibu, na aibu ya mwezi mmoja inaweza kula mwaka mzima.

Pesa, na kwa nini SIM inakuja kwanza

Ukweli ni kwamba pesa ni msaada mzuri kuliko vitu vingi, kwa kuwa mwenyewe anajua kinachokosekana. Lakini angalia mnyororo wake. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, na tangu hapo watu wameegemea zaidi Airtel Money, M-Pesa, Orange Money na pesa taslimu. Aliyeunguliwa amepoteza simu, pamoja nayo SIM, na kwenye SIM ndiko ilikokuwa akiba yake. Ndugu wa Kinshasa au Brussels wanatuma, pesa inalala kwenye namba ambayo hakuna anayeweza kuifungua.

Kwa hiyo msaada wa juma la kwanza ambao hauonekani kwenye picha ni huu: mchukue kwa mguu hadi ofisi ya mtandao wake, arudishiwe namba ileile, na mpatie simu ndogo ya vibonye. Watamwomba kitambulisho. Kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, imeungua. Anza basi kwa cheti cha kupoteza vitambulisho, polisi au kwenye komini, ukiwa na neno la shefu kuthibitisha moto. Lipia gharama, panga foleni naye, na beba maji. Siku nzima inaweza kwisha hapo, na hakuna mtu mwingine atakayempa siku nzima.

Ukimpa pesa taslimu, mpe yeye, faraghani, wala usiipitishe kwa mwenyeji wala kwa kiongozi wa kikundi. Mume na mke wakiwa wametawanyika, ulizia nani analisha watoto usiku huu.

Karatasi na mipaka

Kabla ya mtu yeyote kufagia, piga picha za parseli kwa ajili ya mwenyewe: pembe nne, mawe ya msingi, mti wa mpaka, mahali ukuta wa jirani ulipoishia. Moto unafuta mipaka, na mita moja Bukavu ni chumba. Nimeona majirani waliozima moto pamoja usiku wakipelekana mbele ya shefu kabla ya mwezi kwisha kwa sababu ya nusu mita. Mwombe shefu na majirani wa pande zote wasimame mahali pamoja, wakubaliane, wasimike miti, na karatasi iandikwe siku hiyohiyo. Picha mtumie mwenye parseli, na moja ibaki kwako.

Karatasi zilizoungua nusu zisitupwe. Namba ya hati ikisomeka, inasaidia kutafuta nakala kwenye ofisi ya ardhi. Bulletini (ripoti za masomo) na diploma ziulizwe shuleni mapema, kabla ofisi hazijajaa wakati wa kufungua masomo. Kama mtu wenu anajua kuandika barua rasmi kwa Kifaransa, huyo ana thamani kuliko gunia la unga: aje na karatasi, kalamu na bahasha, akae nao mchana mmoja.

Mpangaji na mwenye parseli

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Parseli moja ya Kadutu inaweza kuwa na mwenye nyumba na wapangaji sita. Wote wameungua usiku mmoja, lakini kesho yake wanatofautiana. Mwenye parseli bado ana ardhi. Mabati na mbao zikija, zinakuja kwake. Mpangaji hana mahali pa kuweka bati. Alichokuwa nacho ni vitu vyake vya ndani na garanti (amana ya kodi ya nyumba) aliyolipa, na garanti hiyo mwenye nyumba alikwisha kuila zamani. Ili apate chumba kingine lazima atoe garanti mpya, miezi kadhaa kwa mkupuo, akiwa hana hata sufuria.

Wageni hatuwaoni wapangaji kwa sababu hawapo. Hawana jivu la kulinda, wamekwenda, na kwenye parseli anayekupokea ni mwenye nyumba. Muulize kwa heshima: «Papa, wale waliokuwa wakikaa hapa wako wapi sasa?» Tafuta namba zao. Kama kikundi chenu kina pesa ya kutosha jambo moja tu, mimi ningeiweka kwenye garanti ya mpangaji mwenye watoto, ilipwe kwa mwenye chumba kipya mbele ya shahidi, karatasi iandikwe kwa jina la mpangaji. Mabati yana watu wengi wa kuyachangia.

Kuhusu garanti ya zamani, msiingilie kama mahakimu. Mnachoweza kufanya ni kuwakalisha wawili hao mbele ya shefu, kila mmoja aseme. Mara nyingine mwenye nyumba anakubali kurudisha kidogo kidogo, au anampa mpangaji wa zamani nafasi ya kwanza akijenga tena.

Mwenyeji

Shangazi wa Bagira alikuwa na watu saba kwenye vyumba viwili. Sasa wako kumi na wanne. Bido mbili za maji zimekuwa tano, makala ya siku mbili yanakwisha kwa siku moja, na hakuna aliyemwambia pole maana nyumba yake haikuungua. Siku za kwanza anabeba kwa furaha. Juma la tatu maneno yanaanza kuwa mafupi, na aliyeunguliwa anayasikia yote.

Kwa hiyo nusu ya mzigo wako iende kwa mwenyeji, kwa jina lake, mbele ya wageni wake: «Mama, hii ni ya jiko lako.» Unga, makala, sabuni, mafuta. Maneno hayo yanampa mwenyeji heshima na yanampunguzia mgeni wake deni la kila sahani. Ukiwa huna kitu, chukua watoto wawili mchana mzima, au lala na mgonjwa usiku mmoja ili shangazi apumzike.

Picha

Picha ya mipaka, ndiyo. Picha ya mama analia juu ya majivu kwa ajili ya hali yako ya WhatsApp, hapana. Kama mnakusanya mchango na watu wa mbali wanataka kuona, piga picha ya mahali bila nyuso, na mwoneshe mwenyewe kabla hujatuma. Mtoto aliyetenganishwa na wazazi ni habari nyingine: usiisambaze picha yake kiholela. Peleka taarifa kwa shefu na Msalaba Mwekundu, ambao wana kazi ya kuunganisha familia. Mwaka 2021, watu wa Goma walipokimbilia Sake, Rubavu na Bukavu, watoto wengi walipoteana na wazazi njiani, na mtu yeyote aliyeiona picha angeweza kujifanya mjomba.

Juma la tatu, kisha mwezi wa tatu

Hii ndiyo safari ninayokuomba uiweke kwenye kalenda kabla ya ile ya kwanza. Juma la tatu piga simu, uliza kama unaweza kufika, na nenda mikono ikiwa na kitu kidogo cha jikoni. Sikiliza kama bado wanalala walipolala. Uliza SIM imepatikana, dawa za jeraha zimekwisha, na wao wenyewe wanafikiria kujenga, kupanga au kurudi kijijini. Wengine wanafikiria kurudi Walungu au Kabare na wanaona haya kusema. Wakiamua hivyo, nauli nayo ni msaada halali.

Kama wanajenga, pelekeni mikono. Saidieni kuacha kinjia cha kupita kati ya nyumba na nyumba, hata cha kufungulia mlango tu, na ukuta wa upande wa jirani uwe wa matofali kama pesa inaruhusu. Jiko liwe nje. Mfereji uchimbwe upande wa juu wa nyumba kabla ya mvua za mwezi wa tisa, maana mteremko uliopoteza nyumba zake una udongo uliolegea na majivu, na maji ya kwanza yatashuka na vyote. Mkishindwa kuzungumza habari ya waya, mtafuteni fundi wa kweli aje azungumze yeye.

Mwezi wa tatu baada ya moto nenda peke yako. Uliza kuhusu likirimba: je, mama huyu ameshindwa kuchangia zamu yake, na wenzake wamemsubiri au wamemtoa? Aliyetolewa kwenye likirimba amepoteza mkopo wake wa pekee. Zungumza na mwekahazina wao. Mara nyingi wanakubali zamu yake isogezwe nyuma kama mtu atamlipia miezi miwili iliyopita. Uliza pia mtoto yupi hajaenda shule. Halafu kaa unywe chai, maana safari hii huenda kiti kipo.